Gari la Asukile

Asukile hakuunda mkokoteni ule kwa kupenda makuu. Aliuunda kwa ajili ya kifua cha mkewe. Tupokigwe alikuwa akibeba makaa kichwani tangu ujana, kutoka mlimani hadi Mwanjelwa, na baridi ya mwaka hamsini na nne ilipomshika alikohoa mpaka akakaa chini. Dresa wa hospitali alimkataza kujitwisha tena. Asukile naye, kwa mguu aliouharibu kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, hakuweza kubeba, ila kusukuma aliweza. Akachonga magurudumu ya mbao, akayavisha mpira chakavu, akauita mkokoteni wake gari. Kwao kila chenye magurudumu kilikuwa gari, na nani angemnyima raha hiyo?

Sokoni ushuru wa makaa ulifuata chombo. Mkokoteni ulitozwa kidogo, gari lilitozwa mara nyingi zaidi na kudaiwa leseni juu yake. Karani mpya, mtu wa Tanga, alimuuliza bila kuinua uso makaa yake yamekuja na nini.

“Na gari langu, bwana karani,” Asukile akajibu kwa fahari.

Ikaandikwa gari. Mjinga yule alishukuru hata akainama.

Askari wa soko walipokuja kumdai leseni, Asukile alimvuta karani nje akamwonyesha. Karani aliyatazama magurudumu yale ya mbao, akacheka, kisha akasema maneno ni ya Asukile mwenyewe na yeye karani hawezi kufuta kilichokwisha kuandikwa. Alipe kama wenye malori, au akiache chombo hapo. Asukile alisihi hadi sauti ikamkauka. Hakuwa na cha kulipa. Mkokoteni ukasukumwa nyuma ya ofisi ya soko.

“Na mzigo wa kichwani?” aliuliza mwishowe.

“Huo hautozwi kitu, mzee.”

Alirudi nyumbani amekata tamaa kabisa, akaeleza yote. Nyumbani hapakuwa na unga. Asubuhi alimkuta Tupokigwe anasokota kitambaa cha ngata.

“Usinitazame hivyo, Baba Anyitike,” alisema. “Serikali imeniachia njia hii moja.”

Gunia lilikuwa zito kwake kulinyanyua peke yake. Ikabidi Asukile amtwishe kwa mikono yake mwenyewe, kisha akasimama mlangoni akisikiliza kikohozi kikiteremka mlima.