Sketi Iliyopunguzwa Mara Nne

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza. Nimeshona chumba kimoja na Mama Futi miaka kumi na minane, cherehani yake dirishani, yangu mlangoni, meza ya pasi katikati. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu futi yake ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Ana daftari kubwa la jalada jeusi, kila mteja na ukurasa wake: tarehe, kifua, kiuno, nyonga, urefu, na pembeni safu nyembamba ya maoni. "Bega la kushoto limeshuka." "Hapendi mikono mifupi." Mteja akirudi, hupimwa upya na kuandikwa chini ya vipimo vya zamani. Mama Futi hafuti kitu.

Binti yake wa pekee tulimwita Bonge. Mtaa mzima, walimu wake, na mimi nimo. Aliitika huku akicheka, nasi tukadhani analipenda.

Mwaka huu, akiwa na miaka kumi na sita, akaanza kupungua. Mwezi wa pili alileta sketi ya shule ipunguzwe kiuno. Mwezi wa nne akairudisha. Mimi na domo langu lisilo na breki nikamwambia, "Mwanangu, umependeza kweli! Endelea hivyo hivyo." Akaendelea. Mwezi wa sita akaja tena, na wa nane tena, hadi mifuko ya pembeni ikahamia nyuma, karibu igusane. Fundi yeyote anajua kwamba mifuko ikifika huko, hiyo si sketi ya kupunguza tena. Tuliiona wote wawili. Tukaipiga pasi.

Mwezi wa tisa akazimia kwenye mstari wa asubuhi shuleni. Ndipo mama yake akainua godoro, akakuta vyakula vya wiki nzima vimefungwa kwenye karatasi za madaftari. Ndipo tukajiuliza kwa nini mtoto anavaa sweta juani, kwa nini nywele zinabaki kwenye kitana, kwa nini hajaona siku zake miezi minne. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha. Alipita nayo mbele yetu, tukampigia makofi.

Tulikwenda kituo cha afya. Tabibu akampandisha kwenye mizani, akatazama jedwali la rangi ukutani, akatabasamu.

"Yuko kwenye kijani, mama. Uzito wake ni mzuri kabisa. Wenzake wanautafuta hawaupati."

Akaandika dawa ya minyoo. Dawa ya minyoo! Mtoto mwenyewe hali, hiyo minyoo ingekula nini?

Baada ya siku tatu tukafika hospitali kubwa. Daktari alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulinikera zaidi ya tabasamu la yule wa kwanza. Aliuliza maswali mengi, akatia alama kwenye visanduku vya fomu, mwisho akaweka kalamu chini.

"Kuna ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa," alisema. "Binti ana dalili zake zote isipokuwa moja. Uzito wake haujashuka chini ya mstari uliowekwa. Kwa hiyo namweka kwenye kundi la mengineyo."

"Hao mengineyo wanatibiwa lini?" nikauliza.

"Kliniki yao ina nafasi mwezi wa kwanza mwakani. Vitanda tunawapa walio chini ya mstari."

Bonge alikuwa ameinamisha kichwa tangu tuingie. Akasema polepole, "Kwa hiyo bado sijakonda vya kutosha."

Damu ilinichemka. Tumemleta mtoto aokolewe, anatoka amepewa lengo jipya! Nilitaka kupindua meza. Mama Futi hakupayuka. Alitoa daftari kwenye mkoba, akalifungua mbele ya daktari.

"Daktari, mtu akiingia kwangu leo na kiuno cha inchi ishirini na saba, nitasema ana kiuno kizuri. Huyu msome alikotoka."

Daktari akafuata kwa kidole. Mwezi wa kwanza, thelathini na saba. Kisha thelathini na tano, thelathini na mbili, ishirini na tisa, ishirini na saba. Alirudi juu akasoma tarehe tena. Akamlaza Bonge kitandani, akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo dakika nzima kwa saa yake. Akamsimamisha, akahesabu tena. Upole ukamtoka usoni.

"Arobaini na moja akiwa amelala. Moyo umechoka," alisema. "Analazwa leo. Nilitazama uzito wa leo, sikuuliza ameporomoka kutoka wapi. Hilo ni kosa langu. Kwenye fomu atabaki mengineyo, ndivyo tunavyogawanya, lakini nitaambatanisha nakala ya ukurasa huu."

Nilikuwa naanza kupumua alipogusa ile safu nyembamba ya pembeni.

"Na haya maandishi?"

Niliyajua. Niliyaona yakiandikwa, moja baada ya jingine. Mwezi wa pili: "Safi." Mwezi wa nne: "Hongera, mwanangu." Mwezi wa sita: "Anazidi kupendeza!" Mwezi wa nane: "Sasa ni saizi ya dukani."

"Hayo yaache, daktari," nikadakia. "Ni mambo ya ushonaji tu."

"Nyamaza, mdogo wangu," Mama Futi akasema. Alivua futi shingoni, akaiweka juu ya meza, akamtazama binti yake, si daktari. "Nakili yote. Na hayo ya pembeni uandike ni ya nani. Ni ya mama yake."