Kiangazi Koko Aliposhabikia Warusi

Wiki iliyopita kazini, pale warehouse, mwenzangu aliniuliza nitashabikia nani kwenye Kombe la Dunia likija hapa Amerika. Nikacheka hadi supavaiza akageuka. Rafiki yangu, swali hilo nilifundishwa na koko kulijibu.

Koko ni nyanya yetu, mama wa baba. Mwaka Kombe lilipokuwa Urusi tulikuwa na miezi miwili tu hapa Amerika, mtaa wa Highview kule Louisville, tukitoka kambi ya wakimbizi. Watu watano, vyumba viwili, sombe, yaani kisamvu, inanukia mpaka kwenye ngazi. Wote tulishapanga nguo zetu, isipokuwa koko. Mfuko wake mweupe wa safari ulikaa karibu na mlango, umefungwa kamba. "Mgeni hafungui mzigo," alisema. Mimi nililala naye kitanda kimoja, na kila asubuhi nilienda kwanza kuutazama ule mfuko. Niliogopa siku moja atarudi zake atuache.

Mashindano yalipoanza akauliza, "Wenye nyumba ni nani?" Baba akasema Warusi. Bon, yakaisha hapo. Kwao milimani mgeni hamwaibishi mwenyeji mbele ya watoto wake. Watu waliwacheka Warusi kwamba ni timu dhaifu, nao wakaanza kwa mabao matano. Koko akatamba nyumba nzima kana kwamba yeye ndiye kocha. Lakini Uruguay walipowafunga matatu, alienda akaikaza ile kamba.

Kisha wakapangiwa Hispania, Jumapili asubuhi. Ibada yetu ilikuwa saa saba mchana, maana kanisa tuliazimwa na Wamarekani wanaosali mapema. Nikamwomba: koko, wenyeji wakishinda, fungua mfuko. "Wakishinda, nitafungua," akasema.

Ikawa bao moja kwa moja, ukaja muda wa nyongeza, zikaja penalti. Chini baba anapiga honi, mama amepakata sufuria ya chakula cha kanisani garini. Koko, ambaye hakuwahi kuchelewa ibada hata siku moja, amesimama mbele ya TV na kitenge chake cha Jumapili, amenishika mkono hadi unauma. "Mungu anajua nilipo," akasema. Penalti ya mwisho ya Wahispania, golikipa akajirusha upande, akaiokoa kwa mguu uliobaki nyuma. Wee acha tu. Koko alipiga vigelegele, kisha akapiga magoti akaifungua kamba. Ndani mlikuwa na Biblia, vitenge viwili na kibuyu cha kusukia maziwa. Kanisani tuliingia wa mwisho, yeye mbele, akicheza.

Jumamosi iliyofuata Kroatia wakawatoa Warusi, kwa penalti vilevile. Nilikimbia kuutafuta mfuko. Nikaukuta jikoni, koko ameutia vitunguu. "Nimeshafungua," akasema. "Nifunge tena kwa ajili ya mpira?"

Sasa tumetawanyika. Wazazi wako Buffalo, mimi niko Columbus, koko tulimzika Louisville. Warusi wenyewe hawaruhusiwi tena mashindanoni. Kibuyu kiko juu ya friji yangu, na harufu ya maziwa imekwisha kabisa. Hiyo harufu naikosa sana.

Mwenzangu alikuwa bado anangoja jibu. Nikamwambia kwetu tunashabikia wenye nyumba.

"Basi, wenye nyumba ni nani?" akauliza.

Nilitaka kusema Wamarekani, nikakumbuka ule mfuko wa vitunguu. Koko, safari hii ni sisi.