Karani na Kigae cha Moto

Tangu mafuta ya taa yapande bei mwaka ule wa sabini na nne, karani mmoja wa mtaa wa Nyalenda aliacha kabisa kuwasha jiko lake la makaa mwenyewe. Kila jioni alilegeza tai, akashika kigae cha chungu kwa vidole viwili kama faili la siri, akapita kwa majirani akikohoa kwa heshima. Kuomba moto, alijiambia, si kuomba chakula.

"Mama Dorca, nisaidie kaa moja tu."

Jumanne moja alizunguka ploti nzima ya vyumba vya kupanga, majiko yote baridi.

"Bwana Karani," Mama Dorca akacheka, "leo sisi wote tulikuwa tunakungoja wewe!"

Watoto wa karani walishaanza kulia njaa. Akarudi, akakikunjia uso kiberiti, akawasha jiko. Kugeuka, mlango umejaa majirani na vigae.

"Pangeni laini, tafadhali," akasema. "Wenye watoto wachanga mbele."