Shati la Gramu Elfu Moja na Mia Nne

Bi Kipimo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa sababu alikukadiria kiuno kwa macho kabla hujamaliza kumwamkia. Miaka thelathini ya kushona sare za shule, na hakuna mzazi aliyewahi kurudisha suruali. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa.

Binti yake alijifungua kabla ya siku kutimia, mtoto wa kiume, gramu elfu moja na mia nne. Mama mtu bado alikuwa hoi kwa presha wodi ya pili, kwa hiyo muuguzi akamkabidhi bibi mtu kazi: ambebe mchana kutwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto na nepi, kofia na soksi tu, apate joto la mwili asimalize nguvu zake kujipasha.

"Ijumaa tunaamua," muuguzi alisema. "Akizidi kupungua, anarudi kwenye mashine ya joto."

Bi Kipimo akaitikia vizuri tu. Lakini kuvua blauzi mbele za watu, mtu mzima na heshima zake? Thubutu! Na mjukuu akae uchi ilhali bibi yake ni fundi? Jioni hiyo hiyo alikata shati la pamba, mikono yake mirefu kama kidole gumba, vifungo vitatu. Asubuhi akamvisha mtoto, akamfunga juu ya blauzi, akajitanda khanga. Wauguzi walipita, wakaona bibi ametulia, wakamsifu.

"Mume wangu kapendeza," alimwambia mama wa kitanda cha jirani.

Jumatano mzani ulisoma elfu moja mia tatu na tisini. Alhamisi, mia tatu na sabini. Hofu ikamwingia Bi Kipimo, akamwongezea mtoto shati la pili. Dawa nyingine alikuwa hana.

Muuguzi alipotia mkono chini ya khanga, alikuta miguu ya baridi. Akagusa shati, akagusa jingine, kisha blauzi.

"Mama, joto lako litampitia wapi huyu?"

"Nilimshonea asipate baridi."

"Umeshona vizuri sana. Ila umemfungia nje."

Bi Kipimo aliona haya, na safari hii haya haikuwa ya kifua. Akafungua vifungo vya blauzi yake kimoja kimoja, akamvua mtoto yale mashati, akamlaza kifuani. Hakuna aliyemtazama. Kila aliyekuwa mle ndani alikuwa na kifua chake na mtoto wake.

Ijumaa mzani ulisoma mia tatu na sabini na tano.

"Zimeongezeka gramu tano," muuguzi alisema. "Mashine isubiri kwanza."

Bi Kipimo alimwomba arudie.

Wiki ya nne wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Binti, sasa amesimama kwa miguu yake, alipekua mkoba akatoa lile shati la kwanza. "Mama, mvishe basi, leo halina ubaya."

Shati liligoma mabegani. Bi Kipimo akalivuta taratibu, akalivua, akajaribu tena, ahakikishe tu. Kifungo hakikufika kwenye tundu lake.

"Halimwenei," alisema, machozi yakimtiririka mbele ya wodi nzima. "Jamani, njooni muone, halimwenei kabisa."