Siku Kombi la Baba Lilipobeba Baiskeli Kwenda Ruziba

Sisi tuliokulia mtaa wa Buyenzi enzi zile tuliamshwa na nyundo kabla ya jogoo. Kila nyumba ya pili ilikuwa gereji, na hata chai ya asubuhi ilikuwa na harufu ya mbali ya dizeli. Tulijua majina ya vipuri kabla ya kujua majina ya nchi. Mtoto wa leo akishika spana, anatafuta pa kuichaji.

Baba yetu alikuwa fundi hodari wa magari ya watu. La kwake ndilo lililomshinda. Lilikuwa kombi kuukuu alilolipata kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na halikuwa la abiria: ndani mlikuwa na kitanda, kabati, jiko dogo la gesi na mapazia ya maua. Nyumba yenye magurudumu! Ila magurudumu yenyewe hayakuzunguka, na kombi lilikalia nusu ya ua, mahali Mama alipotaka kuanika nguo.

Siku moja Mama akamwekea sharti mbele yetu sote.

"Jumapili utatupeleka Ruziba. Ikitufikisha na kuturudisha, ibakie. Ikishindwa, utaiondoa mu kiwanja yangu."

Baba alikubali haraka mno. Tena, kuonyesha kwamba hana wasiwasi, akasema tubebe baiskeli tukazichezee huko Ruziba, ufukweni mwa ziwa. Kaka yangu Hamisi alikuwa na yake, dada Zuhura yake, na mimi niliazima ya Mjomba, ndefu kiasi kwamba niliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya chuma cha juu. Baba alizipanga juu ya paa, akazikaza kwa vipande vya mpira wa tairi. Mama akazitazama hizo baiskeli, ambazo sisi wa Buyenzi tuliziita kinga.

"Mutu mwenye kuamini gari yake anabeba kinga ya nini?"

"Kinga ni za watoto kucheza."

"Ehe," akasema Mama. Tuliiogopa "ehe" hiyo kuliko fimbo.

Baba alilala chini ya kombi usiku kadhaa mpaka likawaka, na Jumapili tuliondoka kwa moshi na vigelegele. Upepo ulizungusha magurudumu juu ya paa, na kengele ya baiskeli ya Mjomba ililia kwenye kila shimo. Watu walitusimamisha wakidhani tunauza baiskeli. Mzee mmoja aliuliza kama tunahama. Baba akajibu kwamba tunatembea tu.

"Mutembee polepole," mzee akasema, "nyumba yenu inavuja."

Kweli, oili ilikuwa inatuandikia njia nzima.

Lakini Ruziba tulifika, na Baba alishuka kama mtu aliyeteka mji. Tulikula mikeke, wale samaki wa ziwa letu, ya kuchoma na ndizi, tukaendesha baiskeli na kuanguka mpaka masikio yakajaa mchanga. Wakati wa kurudi, kombi likakohoa mara moja, likanyamaza. Baba akaingia uvunguni. Tuliona miguu yake tu, nayo ilikuwa na huzuni.

Wavuvi waliacha nyavu zao wakaja kusukuma. Mmoja alikuwa anaimba, wengine wanamcheka Baba waziwazi. Kombi likawaka, likaondoka, na Baba akapiga kelele dirishani:

"Mi siwezi kusimama! Nikisimama inazima! Mupande kinga, munifuate!"

Tukafuata. Mama, aliyebaki peke yake nyuma ya kombi, alifungua mlango wa nyuma akawa anatukabidhi vipande vya mahindi tukiwa mwendoni, kama anayelisha kuku.

"Hamisi, tafuna muzuri! Zuhura, funika magoti!"

Mimi, mguu chini ya chuma cha juu, nililia na kucheka kwa pamoja. Tulipopita Kanyosha watoto walitukimbilia wakitushangilia, wakidhani ni mashindano. Kisha sauti ya Mama ikakatika. Nilipochungulia, alikuwa amelala fofofo kitandani, injini ikimpasha joto kutoka chini.

Tulipoingia uani, Baba alizima gari akangoja hukumu, akizungushazungusha kofia yake.

"Imetufikisha, imeturudisha," alisema.

"Imerudisha mi na sufuria," Mama akajibu. "Watoto wamejirudisha wenyewe."

Baba akainamisha kichwa. Hata sisi wenye magoti yaliyochubuka tulitaka kumtetea. Mama aliangalia mapazia, kitanda, kile kimlango kidogo cha kuteleza.

"Ibakie," akasema. "Lakini isitembee tena. Ni chumba yangu."

Pamoja na ndugu wa Baba waliokaa kwetu, tulikuwa watu tisa katika vyumba viwili, na Mama hakuwahi kuwa na mlango wake. Tangu siku hiyo, baada ya swala ya adhuhuri, aliingia kombini akajifungia, na hakuna aliyethubutu kugonga. Baba mwenyewe alipita pale kwa kunyata, akiwa na fahari isiyofichika. Nguo tulianika juu ya paa lake.

Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu Ruziba kwa gari langu, baiskeli zao zimebanwa nyuma kwa chuma kisichotikisika. Hakuna kilicholia njiani. Walipofika waliuliza kwanza kama kuna mtandao, na baiskeli zikarudi na vumbi lile lile la nyumbani. Gari liliwaka kwa kubonyeza kitufe tu. Wavuvi walikuwa wameketi kando ya nyavu zao, wakatutazama tukiondoka, wala hawakuwa na sababu ya kuinuka. Nilitamani, kwa dakika moja tu, gari lizime.