Sauti yangu iko jukwaani, na madam amenunua tiketi

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, Mkenya wa Magharibi, nafanya kazi za ndani hapa Riyadh, mtaa wa Al-Sulimaniyah. Sijapigwa, sijanyimwa chakula, na mshahara unaingia. Nasema mapema kwa sababu najua mkisikia tu Saudia mnaanza kunihurumia kwa jambo ambalo si langu. Langu ni lingine, na limenikosesha raha.

Nina mtoto mmoja, binti. Tangu udogo wake hakuwa anatulia, hata ukigonga sufuria anacheza. Alipata ufadhili wa kusomea dansi Ulaya, akaondoka kabla mimi sijapewa likizo. Mara ya mwisho kumwona alikuwa bado kwenye sare ya shule. Tumekuwa mama na mtoto kwa voice note tu. Naongea nikiwa chumba cha kupigia pasi, simu nimeiegemeza kwenye rafu, abaya iko mezani, mvuke unafuka. Nilikuwa namchekesha. Namwigiza madam wangu anavyoniita kutoka ghorofani, anavyogombana na fundi wa AC, anavyotuharakisha "yalla, yalla" na yeye mwenyewe ndiye hajavaa viatu. Binti anacheka mpaka wenzake wanamuuliza kuna nini.

Siku moja madam mwenyewe aliingia humo, akakaa juu ya kapu la nguo, akalia. Baba, yaani mume wake, ameoa mke wa pili Jeddah. Mama yake madam na dada zake wanaishi Jeddah hiyo hiyo na hawajui lolote. Kwao yeye bado ndiye aliyebahatika. Akanishika mkono akasema, "Mafi kalam," yaani neno hili lisitoke hapa. Nikamwahidi. Alipotoka nilibaki na neno hilo peke yangu, na mtu wangu wa kumwambia ni mmoja tu. Nikamsimulia binti vile tulivyozoea, nikiigiza sauti ya madam, na kilio chake pia. Kwangu hiyo haikuwa kutoa siri. Mtoto wangu ni kama mimi mwenyewe.

Juzi juzi binti akanitumia video fupi. Ni jumba la opera la zamani sana huko aliko, viti vya mahameli nyekundu, dari imechorwa malaika. Kikundi chao kimepewa nafasi ya kuonyesha mchezo wao wa dansi humo, na najua hiyo si nafasi ndogo. Katikati ya jukwaa kuna meza ya kupigia pasi, mvuke unapanda, wachezaji wamevaa sare kama yangu, na binti yangu amekaa juu ya kapu la nguo. Halafu nikasikia sauti yangu. Ni ile voice note, nalia kilio cha madam. Juu ya jukwaa maandishi ya Kiingereza yanapita, kila neno nililosema, na Jeddah imo.

Kwanza nilifurahi, sitadanganya. Amekuwa mrefu, mabega ni ya marehemu baba yangu. Kisha hasira ikanipanda mpaka nikaunguza kola ya kanzu ya mume wa madam. Nikampigia nikamuuliza ruhusa alimwomba nani. Akasema hakuna jina la mtu pale, na hao watu wa huko hawawezi kujua ni nani. Nikamwambia aitoe hiyo sehemu.

"Mum, nikitoa hiyo hakuna show," akasema. "Na watu hawamlilii madam wako. Wanakulilia wewe."

Ningemezea, yaishe. Lakini familia hii husafiri kila kiangazi, na mimi huenda nao kwa ajili ya mtoto wao mdogo. Madam anajua binti yangu anacheza Ulaya, mimi mwenyewe nilijisifu kwake, hata jina la kikundi chao nikamtajia. Wiki jana akaniita sebuleni akanionyesha simu, anatabasamu. Picha ya jumba lile lile. Amewanunulia tiketi mama yake, dada zake na yeye mwenyewe, na moja ni yangu, tukae pamoja karibu na jukwaa. Mtoto atabaki hotelini na baba yake. Alikuwa amefanya kimyakimya ili anishangaze. "Utamwona binti yako," akaniambia, akanikumbatia, na mimi nikaanza kulia. Alidhani ni furaha.

Madam anasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi. Na sauti yangu anaijua, huamka nayo kila siku. Nikimwambia ukweli sasa, tiketi zitafutwa, pengine na mimi nirudishwe nyumbani, na binti yangu sitamwona. Nikinyamaza, atasoma siri ya ndoa yake pale juu, mama yake na dada zake wakiisoma pamoja naye. Nilijaribu kusema ndege inaniumiza tumbo. Akacheka, akaniagizia dawa.

Jana nilikuwa napiga pasi abaya atakayovaa siku hiyo, ile yenye nakshi mikononi. Akaingia, akakaa juu ya kapu lile lile, akaniuliza hiyo dansi inahusu nini. Nikamwambia inahusu mama anayefanya kazi mbali na mtoto wake. Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Basi nitalia," akasema. "Ukae karibu yangu, unishike mkono."

Tunaondoka wiki ijayo na maji yamenifika shingoni. Wenzangu mnaosoma hapa, msinitukane, semeni nami kama dada yenu. Huo mkono nitaushikaje? Nifanye nini?