Yudith na Insha ya Kuhemea

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa sabuni na mitumba. Kwanza niwataje waliokuwapo uani kwetu Nkuhungu. Alikuwapo mama mkwe wangu, Nyemo binti Chilongani, aliyekuja kututembelea kutoka Mpwapwa. Alikuwapo bintiye wa mwisho, Yudith, wifi yangu, aliyekaa kwetu akisoma kidato cha tano. Alikuwapo Zaituni, Mrangi wa Kondoa, rafiki yake wa darasani. Na mimi, bibi harusi wa juzi, mtu wa darasa la nne, mwenye kiherehere cha kuuliza kila kitu. Mume wangu Elia alikwenda Mtera kununua samaki, kwa hiyo yeye simhesabu.

Tulikuwa tunamenya karanga. Yudith akatuambia insha yake imechaguliwa kusomwa siku ya wazazi, mbele ya shule nzima na wageni.

"Insha ni nini hasa?" nikauliza.

"Mwalimu anakupa swali, wifi, unalijibu kwa maandishi."

"Na yeye mwalimu jibu halijui?"

Zaituni alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Analijua, dada! Anataka kuona kama na sisi tunalijua."

Mwanangu, jambo hilo lilinishangaza, na linanishangaza mpaka leo. Kwetu mtu huuliza asichokijua: ng'ombe wamepita wapi, mgonjwa ameamkaje.

Swali lenyewe lilikuwa hili: je, mtu anayeomba chakula wakati wa njaa hupoteza utu wake? Yudith akasimama, akatusomea. Kilikuwa Kiswahili cha kunyooka. Nilikielewa nusu, nikakipenda chote. Akamalizia hivi: "Anyooshaye mkono kuomba, ameukata mkono wake mwenyewe." Zaituni akapiga makofi.

Usimlaumu. Shuleni kwao kulikuwa na wasichana wa kila mkoa, na kwa kuwa sisi Wagogo tulisemwa kuwa ombaomba, walimchokoza kila kukicha: "Mgogo, leo umeomba wapi?" Alitaka asimame siku ile awafunge midomo.

Mama mkwe hakupiga makofi. Alimenya karanga zake taratibu, kisha akaita, "Mwanaidi."

"Bee, mama." Hilo ndilo lilikuwa jina la Yudith la nyumbani.

"Kwa nini wewe, mtoto wa kanisani, unaitwa Mwanaidi?"

Yudith akatutazama mmoja mmoja. "Sijui. Si ndivyo mlivyoniita?"

"Miaka yote unaitikia jina, hujauliza limetoka wapi. Mwalimu kakuuliza habari za njaa, umemjibu maneno tele, na hukumwuliza hata mmoja aliyelala nayo njaa."

Ndipo akatueleza. Yudith akiwa tumboni, mvua ilikataa, naye akaenda kuhemea. Kuhemea, kwa msiokulia kwetu, ni kwenda kutafuta chakula kwa waliovuna. Unabeba chumvi au mikeka, unalima shamba la mwenyeji, unarudi na nafaka. Mwaka wake yeye ukimgeukia vibaya, anakuja kwako. Leo kwangu, kesho kwako. Basi mama mkwe alipanda milima ya Kondoa, akapokewa na mwanamke aitwaye Mwanaidi, si ndugu, si wa dini yake. Lakini chumvi iliisha, na tumbo likawa zito, jembe halikamatiki.

"Sikuwa na cha kutoa," akasema. "Nikaomba. Kwa mkono huu huu. Akanipa uwele, tukaishi, mimi na wewe. Nikamwambia, nikijifungua msichana atakuwa wewe."

Yudith alikaa chini. Kisha akauliza, polepole, "Mama, ulipoomba, ulipoteza utu?"

"Hapo sasa umeuliza," mama mkwe akasema, akatabasamu. "Sijui, mwanangu. Nilirudi na mzigo kichwani, nina aibu, nina furaha. Mpaka leo sijajua kipi kilikuwa kizito. Kaandike hivyo."

"Mwalimu anataka nichague upande, mama. Nikibadilisha anaweza kuniondoa, asome mwingine."

"Hilo lako. Mimi nitakuja, nitakaa mbele. Utasoma utakachosoma."

Aliandika upya. Mwalimu aliguna kwamba insha haina mwisho, lakini akamwachia. Siku ilipofika, tukakaa benchi la mbele. Yudith akasoma habari za milima, chumvi, na mkono wa mama yake. Ghafla sauti ikatoka nyuma: "Mgogo kaja kuhemea maksi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilimwona mama mkwe akishika ncha ya kitenge chake. Yudith alingoja mpaka wakanyamaza.

"Ndiyo, nimekuja kuhemea," akasema. "Chumvi yangu ndiyo hili swali. Wewe mwenzangu, ghalani kwako kuna nini cha kunipa?"

Kisha mama mkwe akapiga kigelegele, peke yake, kirefu. Zaituni akakidaka, na baada ya hapo sikusikia tena nani ni nani.

Aliyepiga kelele alikuwa Pendo, wa Moshi. Jioni alikuja mwenyewe mpaka kwetu, akiona haya. "Shikamoo, mama. Yule Mwanaidi wa Kondoa, na yeye alikuja kuhemea kwenu?"

"Marahaba. Alikuja," mama mkwe akamjibu. "Mahindi yake yaliliwa na panzi. Alikaa kwangu mpaka mvua, na kwa kunisema mchana kutwa hakuwa na mfano! Kaa, nikusimulie."

Mwanangu, unayeandika leo juu ya maskini, wajane na walevi: kuuliza si ujinga. Kabla hujawahukumu watu kwa kalamu, nenda kahemee kwao. Beba chochote, hata kama ni kuwamenyea karanga. Wakikuambia hawajui, usiwatungie jibu. Na usichoke kuanzia nyumbani, kwa jina lako mwenyewe.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na mlango wa kubisha ukipungukiwa, na wewe uwe mlango. Na kama kuna aliyekuwapo siku ile na anakumbuka kwamba Pendo alikuwa wa Same, au mama mkwe alibeba mikeka na si chumvi, anisahihishe. Karanga bado zipo, namngoja.